Mtoto Mwembamba na Ulimi wa Mtaa



Somo hukufunza mengi. Hukufunza kufukiza udi, kutandika kitanda, kumpokea mume akirudi, hata namna ya kumjibu wifi mwenye maneno. Sisi tulifunzwa yote hayo, alhamdulillah, na mengi yametufaa. Ila hakuna aliyetukalisha mkekani akatwambia kwamba siku ukizaa mtoto mwembamba, kila jicho litamtazama mtoto kisha litakugeukia wewe.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, wazaliwa wa Unguja. Mkubwa wetu aliolewa Chiungutwa, wilaya ya Masasi, huko kusini baina ya Masasi mjini na Newala. Mdogo alimfuata kumsaidia uzazi, akakaa. Kwa hiyo tunaposema mwanetu, ni mwanetu kweli: mmoja kamzaa, mwengine kamkogesha tangu siku ya kwanza. Haya tumeyaandika pamoja, na baba yake ameridhia.

Mwanetu alizaliwa na kilo 2.6. Alinyonya vizuri, akakaa kwa wakati wake, akatembea kabla hajatimiza miezi 13. Mcheshi, msumbufu, hapitwi na kuku uwanjani bila kumfukuza. Lakini mwembamba. Alipotimiza mwaka alikuwa na kilo 7.1, na kwa miezi 18 kilo 8 kamili. Watoto wa rika lake walikuwa na mikono ya kujaa kama mikate. Wake tulikuwa tukimvisha bangili inateleza.

Bibi yake, mama wa baba, anampenda mno. Humwita "mke mwenzangu" na kugombana naye kitanda. Lakini ni yeye aliyekuwa wa kwanza kulitamka lile neno, tena kwa upole, huku anachambua mbaazi: "Mwanangu, huyu mtoto mbona kama kabemendwa?"

Anayelijua neno hilo anajua uzito wake. Kwa asiyelijua: watu wengi bara na pwani huamini kwamba mtoto anayenyonya hudhoofu ikiwa wazazi wake wamekutana kabla ya muda wake, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, au mama amebeba mimba nyengine. Mtoto akikonda, basi mwili wake umekuwa shahidi dhidi ya wazazi wake, na kwa kawaida ya dunia hii, dhidi ya mama. Hakuna anayeuliza mtoto kala nini. Wanauliza nyinyi mmefanya nini usiku.

Basi tukaanza kumficha. Kanzu ndefu, sweta mbili kwenye jua la Masasi. Siku ya kliniki ikifika, mama yake anaumwa kichwa. Mnajua kliniki zetu zilivyo: mzani unaning'inia, mtoto anavuliwa, anavishwa ile suruali ya kupimia, anabebwa juu mbele ya kina mama arubaini waliokaa wanangoja zamu, na kilo zake zinatajwa kwa sauti. Kwa mama wa mtoto mnene ni siku ya fahari. Sisi tuliikimbia miezi mitatu mfululizo. Miezi mitatu hiyo, kadi ya mtoto ikabaki na pengo, na kama angekuwa mgonjwa kweli, hakuna ambaye angejua.

Hilo ndilo linalotukera mpaka leo. Neno la kubemenda humwondolea mtoto mtu wa pekee anayeweza kumpeleka kupimwa, kwa sababu mtu huyo anaona haya.

Tena halina msingi katika dini yetu, dada zetu. Katika Sahihi Muslim imo hadithi aliyoipokea Judama bint Wahb, kwamba Mtume (S.A.W.) alikaribia kukataza mume kumwingilia mke anayenyonyesha, jambo linaloitwa ghiyla; kisha akatazama Warumi na Wafursi, akaona wao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Hakukataza. Aliangalia hali za watu ilivyo, akaacha. Na katika Suratul Baqara, aya ya 233, panapotajwa kunyonyesha miaka miwili kwa anayetaka kukamilisha, pametajwa pia baba na mama kuridhiana na kushauriana juu ya kuachisha. Mashauriano ya watu wawili. Mtaa haukutajwa.

Tuwe waadilifu: wazee hawakulitoa hewani. Mama akibeba mimba mapema, mara nyingi mtoto wa kwanza huachishwa ziwa ghafla, akahamia kwenye uji mwepesi, na kweli akakonda. Walichokiona kilikuwa sahihi, walikosea sababu. Dawa yake ni kupanga uzazi na kumlisha mtoto, na aibu haimo katika dawa hiyo.

Sasa daktari.

Wa kwanza tulimpata kwa kuulizia. Ana chumba chake cha kulipia, amesifiwa na watu, foleni ndefu. Tulikaa saa mbili na nusu, tukaonwa dakika nne. Alimtazama mtoto akiwa amefunikwa kanga mgongoni, akasema "huyu hana hamu ya kula," akaandika sharubati ya kuongeza hamu na maziwa ya kopo ya bei ya kutisha. Hakumvua nguo. Hakuomba kadi. Mtoto alipokunywa ile dawa alilala. Akaamka akala kidogo, akalala tena. Siku ya tatu yule mfukuza kuku alikuwa amekaa kizingitini anatazama kuku wanapita.

Baadaye tulielezwa: nyingi ya dawa hizo za hamu ya kula zina siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio. Humfanya mtu asinzie, na haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka 2. Zinauzwa madukani kama pipi. Dada, ukipewa sharubati ya hamu ya kula kwa mtoto wa mwaka mmoja, uliza ndani mna nini kabla hujatoa pesa.

Aliyetuokoa ni nesi wa kliniki, yule yule tuliyekuwa tukimkimbia. Alikutana nasi gengeni, akamtazama mtoto usoni, akasema, "Mama, sijakuona siku nyingi. Kesho njoo mapema kabla watu hawajajaa." Basi. Hakusema neno jengine. Mpaka leo tunaamini nusu ya matibabu ya mwanetu ilikuwa yale maneno "kabla watu hawajajaa".

Nesi akatukabidhi kwa tabibu. Hapa tuseme jambo kwa maharusi wetu wa mjini waliozoea kuuliza "kuna daktari bingwa wa watoto?" Ukiolewa Chiungutwa, bingwa yuko mbali. Kuna zahanati na vituo vya afya, juu yake hospitali ya Mkomaindo pale Masasi, au ya wilaya kule Newala. Kuna Ndanda, hospitali ya misheni ya Wabenediktini ambayo Waislamu wa kusini wametibiwa kwa vizazi. Kuna Ligula, Mtwara mjini. Utaonwa kwanza na tabibu, na tabibu anayejua kazi yake ni bora kuliko bingwa asiyemgusa mtoto. Tulikuwa pia tumeshikilia kwamba tunataka daktari mwanamke na Muislamu. Kwa mama mwenyewe, katika mambo yake ya ndani, hilo ni haki yake na alitafute. Kwa kifua cha mtoto wa mwaka na nusu tulikuwa tunajichelewesha tu. Huyu alikuwa kijana mwanamme, na dini yake hatukumuuliza.

Alimvua mtoto nguo zote. Akatazama viganja na ndani ya kope kuona kama damu imepungua, akasikiliza moyo na mapafu, akabonyeza tumbo, akakandamiza nyayo kuona kama zimevimba. Akamlaza kwenye ubao akampima urefu. Akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hapo mtoto ana utapiamlo mkali na hangojwi, kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, 12.5 na zaidi ni kijani. Hiyo ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mwanetu alisoma 13.2. Halafu akatutazama sisi. Akamuuliza baba kimo chake, akamtazama mama, ambaye kwa kweli akivaa buibui la dada yake analiburuza, akacheka kidogo.

Kisha akauliza swali ambalo halijawahi kuulizwa na yeyote. Hakusema "anakula vizuri?" maana swali hilo kila mama hujibu ndiyo. Alisema: "Jana, tangu alfajiri, alikula nini?"

Tukahesabu. Uji wa sembe na sukari. Chai ya rangi na kipande cha muhogo. Mchana ugali wa muhogo na mchuzi wa kisamvu, lakini yeye alichovya tu. Jioni uji tena. Tulipomaliza kuhesabu hatukuhitaji kuambiwa.

Akaikunjua kadi. Hapa ndipo tulipojifunza, na tunawaomba msome polepole. Mistari ile kwenye kadi ilitokana na viwango vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006. Walipimwa watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani, na Oman, huko Muscat ambako nusu yetu tuna mashangazi. Walichaguliwa watoto wenye afya, walionyonya. Na hata katika watoto hao wazima, wawili au watatu katika kila mia huangukia chini ya ule mstari unaoitwa wa uzito pungufu. Kwa mtoto wa kike wa miezi 18 mstari huo uko kilo 8.1, na mstari wa kati uko kilo 10.2. Mwanetu, kwa kilo 8, alikuwa chini yake kwa gramu mia moja.

"Lakini tazama," akasema, na akapitisha kalamu. Nukta zake, tangu kuzaliwa, ziliambatana na mstari ule ule kama mtu anayetembea kandokando ya ukuta. Hazikuporomoka. Mtoto anayepanda na njia yake mwenyewe, hata kama njia hiyo iko chini, ni jambo moja. Mtoto aliyekuwa juu akaanza kukata mistari kushuka, au anayekaa miezi miwili mitatu bila kuongeza chochote, ni jambo jengine kabisa, hata kama bado ni mnene kuliko wa jirani.

Hata hivyo hakutuambia "ndivyo alivyo, nendeni". Alipima damu, akapima malaria, akapima siko seli, choo na mkojo, akaangalia katika kadi ya mama kipimo cha virusi vya UKIMWI, akauliza kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu, kwa sababu kifua kikuu kwa mtoto mdogo mara nyingi hakionekani ila kwa kukonda. Yote yalikuwa salama. Ndipo akasema mtoto ni mzima, mwembamba kwa asili, na chakula chake ni chepesi kuliko anavyostahiki.

Tunalisisitiza hilo kwa sababu kuna jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye ukoo wao wote wembamba. Mtoto wao alipokonda walisema "sisi tuko hivyo" na wakapumzika. Alikuwa na siko seli. Sasa anatibiwa, lakini alishalazwa mara mbili kuongezwa damu kabla ya kujulikana. Neno "ni asili yetu" lisemwe na mtu aliyekwisha kupima. Na zipo dalili ambazo hazingoji tarehe ya kliniki: nyayo zote mbili kuvimba, kuharisha kupita siku 14, homa au kikohozi kisichoisha, kutoka jasho na kuhema anaponyonya, au mtoto mchangamfu kuwa mzito na asiyejali.

Jambo jengine la kushangaza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba Tanzania watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao, ni asilimia 30. Waliokonda kwa kulinganisha uzito na urefu ni asilimia 3. Na mkoa wa Iringa, ghala la mahindi, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Maana yake, yule mtoto mfupi mwenye mashavu ambaye mtaa mzima humbusu huenda ndiye mwenye upungufu wa muda mrefu, na hakuna anayemsema mama yake. Macho ya watu hupima mashavu tu. Kwa hiyo ukifika kliniki omba apimwe na urefu, usikubali kilo peke yake.

Turudi kwenye chakula, maana hapa kuna kichekesho chenye uchungu. Masasi na Newala ni nchi ya korosho. Msimu ukifika, gunia baada ya gunia linakwenda ghalani, linapigwa mnada, linasafirishwa. Na mtoto wa mkulima anakunywa uji mweupe wa sembe. Sisi wenyewe tulikuwa na korosho mvunguni na hatukuwahi kumtilia mwanetu hata moja. Tabibu hakutuandikia kopo la maziwa. Alisema tununue vipande kwa wale kina mama wanaobangua na kukaanga kwa mkono, vipande vilivyovunjika ni rahisi, au karanga kama korosho zimepanda bei, tutwange mpaka ziwe laini kabisa, kwa sababu punje nzima humpalia mtoto, tutie vijiko viwili katika uji. Uji wenyewe uwe mzito, ukiinua kijiko usimwagike. Milo mitatu au minne na kitu kidogo katikati, embe, yai, ndizi. Mbaazi zipondwe atiliwe yeye kwanza kabla ya mchuzi. Kijiko cha mafuta juu. Chai ya rangi iache, inazuia mwili kupata madini ya chuma. Ziwa liendelee.

Bibi ndiye aliyekuwa mgumu. Si kwa ubaya, alihisi tumemkosoa. Basi baba mtu akafanya jambo la busara ambalo tunampenda nalo: siku ya kurudi kwa tabibu alimchukua mama yake. Bibi akakaa, akasikia mwenyewe, akauliza maswali yake yote, hata lile la kubemenda. Kijana wa watu hakucheka. Alimwamkia, akamwita bibi, akasema, "Shikamoo yako nimekupa, sasa na mimi nipe kazi: wewe ndiye utakayetwanga karanga." Tangu siku hiyo kinu hakijapumzika.

Dua tuliomba na tunaendelea kuomba. Asubuhi na jioni humsomea kinga, Aya ya Kursiy na Qul zile tatu. Hatukuona ugomvi kati ya hilo na ule utepe wa rangi. Ugomvi tuliuona kati ya kadi na husuda za watu, na kadi tumeiweka sanduku moja na cheti cha ndoa.

Nyinyi maharusi, mkiulizana nyumba ya mume ina vyumba vingapi, ulizeni pia kliniki iko umbali gani, na nesi wake anaitwa nani. Nenda umsalimie kabla hujabeba mimba. Ukimtafuta daktari, mtazame mikono yake kabla ya cheti chake: amemgusa mtoto? Ameomba kadi? Amekwambia tarehe ya kurudi, na dalili za kukurudisha kabla ya tarehe? Akiandika dawa kabla ya kumvua mtoto sweta, chukua mtoto wako, sema ahsante, ondoka. Huduma ya watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali imewekwa kuwa bure, ingawa dawa zikikosekana utazinunua, kwa hiyo umasikini usikufanye umvumilie mtu wa namna hiyo.

Mwanetu sasa ametimiza miaka 2. Ana kilo 9.1, na mstari ule wa chini kwa umri wake uko kilo 9. Amevuka, kwa gramu mia moja zile zile. Bado mwembamba, na bangili bado inateleza. Kliniki siku hizi humpeleka bibi mwenyewe, anakaa mbele kabisa na kina mama arubaini nyuma yake, na kilo zikitajwa hasemi kitu. Hungoja mpaka nesi achore nukta, kisha huinama juu ya kadi na kuuliza, "Mwanangu, na safari hii mstari umefika wapi?"